Moyo Uliotiwa Fremu

Asubuhi hiyo duka la fremu za picha lilikuwa limetulia. Bwana Fremu, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa akikata kioo huku akipiga mluzi, na mkewe akifuta vumbi kwenye picha za harusi zilizosubiri wenyewe. Juu ya picha zote ilining'inia karatasi yenye miraba midogo ya rangi ya waridi na mistari inayopanda na kushuka. Hicho kilikuwa kipimo cha umeme wa moyo alichofanyiwa miaka mitatu nyuma, alipobandikwa nyaya kifuani na daktari akamwambia haoni tatizo. Bwana Fremu aliitia karatasi hiyo fremu nyeusi, akaikaza ukutani kwa skrubu nne.

"Wengine hutundika vyeti vya shule," aliwaambia wateja. "Mimi nimetundika moyo."

Watu walicheka. Mkewe naye alicheka, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo.

Mluzi ukakatika. Mkewe alipogeuka alimkuta ameegemea meza, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi, mkono mmoja umeshika kifua.

"Baba watoto, una nini?"

"Kiungulia tu. Chai yako ya leo ilikuwa kali."

"Chai tumekunywa wote. Twende hospitali."

Akanyoosha kidole ukutani. "Soma pale. Mimi mzima."

"Ile ni ya miaka mitatu iliyopita."

"Kwani nimebadilisha moyo?"

Wenzangu, ninyi mngemjibu nini? Mkewe alimwomba akiwa amesimama, akamwomba akiwa amepiga magoti. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, kaka ni mtu mzima," akajibiwa. "Mwache apumzike."

Basi akabaki anampepea kwa kipande cha kadibodi, akimtazama anavyobadilika rangi. Mtu aliyekataa kubebwa humbebi peke yako. Wateja wawili waliingia, wakachukua picha zao, wakamwambia mzee pole.

Saa nane mchana alianguka. Hapo ndipo majirani walipombeba.

Hospitalini alibandikwa nyaya upya, na dakika chache baadaye karatasi ikatoka. Daktari aliitazama, akawaambia wauguzi waanze dawa, kisha akamgeukia mke wa mgonjwa.

"Maumivu yalianza saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Daktari akahesabu saa kwa vidole. "Mshipa wa damu wa moyo umeziba, mama. Kila saa inayopita, msuli wa moyo unakufa. Kuna kipimo cha zamani, tulinganishe?"

Kilikuwepo, na mtaa mzima ulijua kilipo. Shemeji, aliyekuwa ameshafika na macho yake chini, ndiye aliyekimbia dukani. Alirudi na fremu nzima, lipu ya ukuta bado imeng'ang'ania kwenye skrubu.

Daktari aliziweka karatasi mbili sambamba. "Hii ya zamani haikudanganya," alisema. "Siku ile alikuwa hivi. Leo yuko hivi."

"Na kama tungekuja asubuhi?"

Daktari akairudisha fremu mikononi mwa shemeji.

Bwana Fremu hakufa. Lakini akipanda ngazi tatu za mlango wa duka, lazima akae. Vioo anabeba mkewe. Mluzi umekwisha, pumzi haitoshi. Juzi alitoka kliniki na karatasi mpya, akampa mkewe.

"Weka kwenye faili," alisema. "Usiitie fremu."

Matundu manne bado yako ukutani. Mkewe hajui atundike nini pale.

FUNZO

Kipimo cha umeme wa moyo ni picha ya sekunde chache. Kinasema moyo ulikuwaje ulipopimwa. Hakisemi utakuwaje kesho. Karatasi yako itunze mahali rahisi, ili daktari ailinganishe na mpya. Kifua kikibana, jasho likakutoka bila sababu, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ulipimwa jana ukaambiwa u mzima. Na wewe unayepigiwa simu na shemeji yako, usimwambie amwache mtu apumzike. Nenda ukambebe.