Mlango Uliomkaribisha Kila Mtu

Duka la kompyuta lilifurika watu, na kipanya cha bei nafuu kilibaki kimoja. Kijana mmoja kinyozi, shati lake jeupe limejaa vinywele mabegani, alikishika upande huu. Binti wa gauni la kijani alikishika upande ule.

"Kaka, achia."

"Nikiachia, nitakuona wapi tena?"

Binti akacheka bila kupenda. Alikuwa akifundisha kutengeneza michezo ya kompyuta, ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Wiki haikuisha, kinyozi akajiandikisha.

Akafundishwa kwamba fankisheni ni maagizo yaliyolala: unayafunga kwenye tukio, na mchezaji akigusa kitu, yanaamka. Jioni walipigiana simu. Kinyozi alimwita binti mwalimu wangu, naye akaitwa kichwa kigumu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata.

Kwa siri, kinyozi akajenga nyumba ndogo mchezoni. Ukigusa mlango wake mwekundu, yanawaka maneno: *Karibu, mke wangu. Nimekungoja wewe tu.* Alitaka mwalimu awe wa kwanza kuugusa. Lakini darasa lilikuwa na desturi ya kujaribu michezo ya wenzao, na dada mmoja fundi cherehani aliyekaa jirani yake akawahi. Maneno yakawaka, darasa likapiga makofi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao. Alitoka, na tangu hapo hakupokea simu ya kinyozi.

Hata hivyo, kazi ya mwanafunzi ilibidi aisahihishe. Akafungua mchezo, uso umemkauka. Mpira ulioachwa kwenye uwanja wa ile nyumba ndogo ukabiringika, ukagusa mlango mwekundu.

*Karibu, mke wangu.*

Akautazama mpira. Akafungua maagizo, akayasoma yote, kisha akapiga simu.

"Hongera. Umeoa mpira."

"Mwalimu wangu?"

"Fankisheni yako haijauliza aliyegusa ni nani. Inamkaribisha yeyote."

"Mimi niliiandika kwa ajili yako tu."

"Hilo lilibaki kichwani mwako. Mashine haikai humo."

"Nirekebishe?"

"Acha mlango. Njoo uniambie mwenyewe."

Alitoka saluni yake ya mtaa wa pili, akapanda ngazi mbio, aproni kiunoni, mashine ya kunyolea mkononi. Akayasema yote pale mlangoni pa darasa.

"Na mteja wako?" binti akauliza.

"Nimemnyoa upande mmoja."

"Rudi ukamalizie kichwa cha watu," akasema, akimpangusa vinywele begani. "Kesho uje nyumbani. Baba hupenda kumjua mtu kabla hajamwita mkwe."