Kigingi cha Bibi Mwahija

Injini ilikuwa bado haijazimwa, Tawakali akasikia harufu ya udi. Karakana yake pale mtaa wa Rasbura ilinuka oili mwaka mzima. Udi ulitoka wapi, saa sita mchana, jua la utosi?

"Fanya haraka, ndugu fundi," alisema Valentini, mkubwa wa operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. "Shokapu mpya za kushikilia kifuniko hizi hapa, zimetoka Dar. Kifuniko cha nyuma hakisimami mpaka nikiegemeze na mti."

Gari lilikuwa la michezo, jekundu, injini nyuma, limeachwa na meneja wa kizungu wa shamba la mkonge. Valentini alilipenda kuliko mkewe. Tawakali akainua kifuniko, akauchukua ule mti, akaugeuza mkononi. Kilikuwa kigingi cha mpingo alichokichonga mwenyewe na kukisimika kichwani mwa kaburi la bibi yake Mwahija, kijijini kwao Likawage.

"Umekitoa wapi hiki, mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye mahame, siku tuliyowahamisha wale wabishi. Viko vingi, vimechomekwa ovyo tu."

Tawakali alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Tena aliogopa. Bibi alikuwa na ruhani, jini wa ukoo, na bibi alipokufa mganga alimfunga jini huyo kwenye kigingi kile, akaonya kisiguswe, maana jini akifunguliwa atatafuta mrithi katika ukoo.

Akaegemeza kifuniko kwa kigingi hicho, akatoa shokapu ya zamani ya kushoto. Ya kulia ikachomoka yenyewe. Kisha kigingi kikateleza, kikaanguka chini, na kifuniko kikabaki juu.

"Ajabu!" Valentini akacheka, akainama, akashika ukingo wa bodi chini yake kwa mikono yote miwili. "Kinashikiliwa na nini?"

Udi ukazidi. Sauti ya kizee ikanong'ona shingoni mwa Tawakali: "Mjukuu wangu, toa mkono wako."

Neno moja tu kwa Valentini lingetosha, "toka", nalo lilikuwa limeshafika ulimini, lakini akakumbuka kaburi lililobaki bila alama, akamkumbuka mama yake akitembea na mvua huku godoro limemlowa kichwani na nyuma yake nyumba inateketea, akakumbuka kicheko cha askari waliomsindikiza, basi akautoa mkono wake polepole, akaufuta kwa kitambaa.

Kifuniko kikashuka.

Vidole vya Valentini vilikatika, havikuunganika tena. Tawakali alikipeleka kigingi Likawage, akakisimika mwenyewe bila kumwita mganga, akafukiza udi. "Pumzika sasa, bibi," alisema, naye akarudi mjini amefurahi. Ndiyo, amefurahi, wala hakuona haya.

Wiki iliyofuata Kibwana, jirani yake, alileta lori lake. Asubuhi ile walikuwa wamegombana kwa ajili ya kuku aliyeparua bustani, ugomvi wa kipuuzi wa kusahaulika kabla ya chakula cha mchana. Tawakali akafungua boneti, akageuka kutafuta chuma cha kuiegemeza. Alipogeuka tena, boneti ilikuwa imesimama yenyewe, na Kibwana ameinama ndani yake, kichwa na mabega.

"Nimekosa asubuhi, ndugu yangu," Kibwana alikuwa akisema. "Tusameheane."

Tawakali akafumbua mdomo apige kelele. Sauti haikutoka. Kando ya sikio lake udi ulinukia, na ile sauti ya kizee ikauliza kwa upole:

"Na huyu je, mjukuu wangu?"