Mchumba wa Picha ya Kabla

— Sogeza sahani karibu na dirisha. Hapo kuna kivuli, sioni vizuri.

Weris akaisogeza. Kwenye simu, Shuaib alikuwa amekunja uso kama daktari anayesoma majibu mabaya. Na sahani yenyewe ilikuwa na nini? Nusu ya avokado, sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta ya nazi, na karanga za kiganja kimoja.

— Hizo karanga ni nyingi, beb.

— Ni kiganja tu.

— Kiganja chako ama changu?

Weris akarudisha nusu kwenye mkebe. Shuaib akatabasamu, akambusu kwa mbali, akakata simu. Timiro, mama yake Weris, ambaye kila p mdomoni mwake hutoka b, alikuwa kwenye mkeka akimimina chai. Alisubiri simu izimike kabisa ndipo akafungua mdomo.

— Huyu kijana anataka bibi ama anataka mbuzi?

— Hooyo, tafadhali.

— Mimi nauliza tu. Maana hii majani hata mbuzi ya Hulugho inanusa, inabita.

Sasa nikueleze huyu Shuaib ni nani. Ni mtoto wa Balambala, aliyekua nyuma ya ngamia, akinywa maziwa yenye povu kabla hata ya kuota meno ya kutafunia. Akaenda Nairobi, akakaa huko muda wa kujifunza kuvaa suruali za kubana, akarudi Garissa anaitwa Kocha Shu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwenye simu zao kwamba wanakula vibaya. Mpango wake ni keto, yaani kuishi kwa mafuta na kukimbia wanga na sukari. Wenzake wa keto angalau hula nyama. Shuaib akaona huo ni ushamba. Yake akaiita keto bila mnyama.

Kwa hiyo nyama haramu, maziwa haramu, samli haramu, yai nalo haramu, na sheikh aliyetoa fatwa hiyo ni yeye mwenyewe. Ukigeukia wali, tambi, anjera, maharagwe na tende, navyo vina sukari, weka chini. Mtu wa Garissa ukimnyima hivyo vyote, umemwachia nini? Umemwachia upepo.

Na Weris akala upepo, kwa sababu alimpenda. Tusimcheke kwa hilo. Alikuwa na duka la madira, yale magauni mapana ya kina mama, pale Soko Mugdi, na mwili wa kujaza mlango ambao tangu usichana wake watu waliuita neema. Shuaib aliingia siku moja kutafuta kikoi, akakaa mpaka adhana ya alasiri. Alimwambia hivi:

— Una sura nzuri sana. Ukishuka kidogo tu, Garissa yote itakuongelea.

Weris alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliisikia baada ya posa kukubaliwa, Shuaib alipomtaka ashuke kabla ya nikahi. Naye akakubali, akashuka. Mashavu yakaingia ndani. Bangili zikawa zinamvuka kiwiko akiinua mkono. Wateja wakaanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama ameenda kupimwa kifua.

Asubuhi moja akiwa amemshikia mteja dira, duka likamzunguka. Alipozinduka alikuwa chini, amemwagiwa maji, na wanawake watatu wanamsomea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwandikia mchumba wake.

"Shuaib nimeanguka dukani. Nilizimia."

Jibu likaja haraka.

"Pole beb. Hiyo ni mwili unazoea, ongeza chumvi. Umepima uzito leo?"

Aliisoma mara mbili akitafuta mahali alipoulizwa kama ameumia. Hapakuwapo.

Kesho yake akapanda ngazi mpaka ofisini kwa Shuaib. Alikuta meza, kompyuta iliyo wazi, na chupa ya chai iliyobandikwa karatasi: Maziwa ya Lozi. Shuaib mwenyewe alikuwa chumba cha ndani akirekodi, sauti yake ikipenya ukutani.

— Ndugu zangu, maziwa ni ya ndama. Wewe ni ndama?

Weris alikuwa na kiu. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akainua. Harufu ya moshi ikamfika kabla ya maziwa. Ni ule moshi wa mti ambao akina mama hufukizia vibuyu ili maziwa ya ngamia yasiharibike njiani, moshi ambao mtoto wa huku huujua kabla ya kujua jina lake. Akanywa. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alisahau kabisa kukasirika.

Shuaib akatoka, akasimama mlangoni.

— Umefika? Mbona hukupiga simu?

— Hii ni nini, Shuaib?

— Si imeandikwa? Ya lozi.

— Lozi zenu hufukizwa moshi?

— Zilikaangwa kidogo, ndiyo maana.

— Mimi si mfuasi wako. Mimi ni mtoto wa Timiro.

Shuaib akacheka kidogo, akafunga mlango.

— Sawa, ni ya ngamia. Glasi ya asubuhi na glasi ya jioni. Lakini mimi mwili wangu unajua kiasi, beb. Wako hauna breki.

Alilisema hivyo hivyo, mkavu, mtu ambaye asubuhi kanywa na jioni atakunywa. Macho ya Weris yalikuwa yameshaangukia kompyuta. Palikuwa na tangazo lenye visanduku viwili. Cha kushoto kiliandikwa KABLA, na ndani yake alikuwa yeye, siku ya posa, katika dira la kijani alilovalishwa na mama yake, mkono kiunoni, anacheka. Cha kulia kiliandikwa BAADA. Kilikuwa kitupu, na chini yake maneno: Inakuja siku ya harusi.

— Hii ni siku ya posa yangu.

— Watu wanaipenda sana. Angalia vile wanauliza kuhusu mpango.

— Ulikuja dukani kutafuta kikoi, ama ulikuja kutafuta hii?

Shuaib alichelewa kidogo kujibu. Si sana, lakini mwanamke hupima kuchelewa kwa namna hiyo.

— Weris, usiwe mtoto. Hii ni biashara yetu sote. Lakini kama imekuuma, nitaitoa. Wallahi naitoa leo.

Akamshika mkono, akaongea kwa ile sauti yake ya dukani, laini, na Weris akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Kadi zilishasambazwa. Baba yake, mzee Isak, alishachagua ngamia wa kuchinja. Na juu ya yote bado alimpenda, jambo lililomtia aibu kuliko ile picha.

Siku ya nikahi, wanawake wakimpaka Weris manukato, simu ikalia.

"Beb leo simama vile ulisimama kwa ile picha ya kwanza. Mkono kiunoni, angalia kushoto. Cameraman nimeshamwelezea. Dira likilegea ni poa zaidi, watu waone tofauti."

Hakuandika kama ana furaha. Hakuuliza bibi harusi ameamkaje. Weris akaiweka simu mapajani.

Nje, chini ya hema, wazee wa Balambala walikuwa wameketi na wazee wa kwao, sheikh katikati, sahani za pilau na nyama zikipita. Ilibaki jambo moja. Adeer Abdow, ndugu wa baba yake, akaja na mashahidi wawili mpaka mlango wa chumba cha wanawake. Desturi ni kwamba msichana huulizwa, naye kwa haya hanyanyui sauti. Akinyamaza, kimya chake ni ndiyo.

— Weris binti Isak, umeridhia baba yako akuoze Shuaib?

Weris akanyamaza. Habaryar Nunow, dada wa mama yake, alikuwa ameshanyanyua mkono karibu na mdomo, tayari kwa vigelegele.

— Ameridhia, — adeer Abdow akasema, akigeuka.

— Sijaridhia, adeer.

Mkono wa Nunow ukabaki pale pale hewani.

— Weris, unasema nini? Watu wameshakula, — Nunow akasema.

— Mwache aongee, — Timiro akasema kutoka kwenye mkeka. — Tumbo yake imenyamaza miezi. Mdomo isinyamaze bia.

Habari ya namna hiyo haikai chumbani. Haikupita muda, simu ikalia, na jina lilikuwa la Shuaib. Weris akaiweka kwa sauti ya juu, chumba kizima kisikie.

— Weris, unajua ni watu gani wameketi hapa? Unataka kuniaibisha mbele ya wazee wangu? Ni ile picha tu? Naifuta sasa hivi.

— Iache. Nina swali moja.

— Uliza haraka.

— Siku uliyoingia dukani, kabla hujaanza kunipunguza. Ulipenda nini kwangu?

— Beb, mimi nilijua ukishuka…

— Kabla ya kushuka, Shuaib. Yule wa dira la kijani. Taja kitu kimoja.

Simu ikawa kimya. Zilisikika sahani, na mzee mmoja akiomba aongezewe ndimu. Weris alisubiri, na kusema kweli alitumaini. Angesema macho, angesema kicheko, angesema hata ile bei mbaya ya kikoi aliyomtajia, Weris angemezea yote na kwenda. Hata Nunow alikuwa ameinama kuelekea simu, akimwombea kijana apate neno.

Halikuja.

— Adeer, — Weris akasema bila kukata simu, — umemsikia?

— Hajasema kitu, — adeer Abdow akajibu.

— Amenyamaza. Na nyinyi ndio mnasema kimya ni jibu.

Akakata. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Adeer Abdow alisimama kidogo akimtazama mtoto wa ndugu yake, mifupa ya shingo imetokeza chini ya dhahabu, kisha akavaa viatu vyake na kwenda kuwaambia wazee wa Balambala wamalize kula taratibu, hakuna ndoa.