Mtutu wa Marehemu Baya

Kama umetoka kula sasa hivi, ngoja chakula kishuke kwanza.

Kitambaa cha kwanza alichopitisha Sefu Boga ndani ya mtutu aliotoka kufungiwa na fundi kilitoka na unywele. Mmoja tu, mgumu, mweusi, wenye mafuta mafuta. Sefu akashangaa, maana jana yake aliuchungulia mtutu ule juani kwa fundi, na ndani ulikuwa mweupe pe. Akautupa unywele nje ya baraza. Kuku akaudona, akautema, akakimbia.

Sefu alikuwa mlinzi wa shamba la miwa upande wa Ramisi, mwenye kibali cha kupiga nguruwe mwitu wanaoharibu miwa. Bunduki aliyopewa ilikuwa imechoka. Mtutu wake wa zamani ulikuwa umelika ndani hata risasi ikawa inakwenda inakotaka yenyewe. Mwezi uliopita alilenga nguruwe, risasi ikapita kando ya kichwa cha Kaingu, mkata miwa, kidogo tu imwue. Meneja akamwambia atafute mtutu unaopiga anapolenga, au atafute kazi nyingine. Na kazi hiyo ndiyo iliyompa mke, Hafsa. Mzee wa Hafsa alimkatalia miaka mitatu, akisema hampi binti yake mtu asiye na kazi, na Sefu alijua kwamba siku atakayofukuzwa, mzee huyo atakuja kumchukua mwanawe.

Basi akaenda kwa Chengo, fundi wa bunduki mwenye leseni, akawekewa mitutu miwili mezani. Mmoja mpya, unang'aa kama sufuria ya harusi. Wa pili mzee, mzito, umefubaa.

"Usichague kwa kung'aa, ndugu yangu," Chengo alimwambia. "Chungulia ndani. Hiyo mifereji inayoizungusha risasi iwe imekwenda sawasawa mpaka mdomoni. Mdomo ukilika kidogo tu, risasi inapepesuka. Mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua mtutu ndiye mwindaji."

Wakaijaribu yote miwili. Risasi tano za ule mpya zilitawanyika upana wa sahani. Tano za ule mzee ziliingia mahali unapoweza kupafunika kwa kizibo cha soda.

"Huu ulikuwa wa nani?" Sefu aliuliza, macho yamemtoka.

Chengo akashusha sauti. "Wa marehemu Baya, mpiga nguruwe. Mkewe ndiye aliyeuleta, na alikuwa ameziba pua. Alisema atakayeuchukua auoshe vile nyinyi Waislamu mnavyoosha najisi ya nguruwe, mara saba, moja kwa udongo. Lakini mimi fundi nakwambia, udongo humo ndani ni msasa. Utaikwaruza mifereji, shabaha kwisha."

"Chuma hakili nguruwe, Chengo," Sefu akacheka, akauchukua, akafungiwa. Sikio la kufa, jamani, halisikii dawa.

Wiki ile nguruwe saba walianguka kwa risasi saba. Wa saba Sefu alimpiga jasho limemwingia machoni, haoni kitu, na bado risasi ilimpata katikati ya jicho. Meneja akampa mkono. Hafsa alipomwona anarudi anapiga mluzi, akafurahi, kisha akakunja uso.

"Mume wangu, umekanyaga nini?"

Hakuwa amekanyaga kitu. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha, ptuu, ya nyama iliyosahauliwa juani, na ilitoka chumbani, kwenye kabati la chuma lenye bunduki. Ikaingia kwenye mito. Ikaingia kwenye wali wa nazi, Hafsa akawa anamwaga sufuria nzima. Kitambaa cha Sefu nacho, kila siku kilitoka na kibaya zaidi: kwanza nywele, kisha ute wa manjano unaovutika, kisha jino.

Ijumaa moja adhuhuri, Sefu anajiandaa kwenda msikitini, Hafsa alimshika kanzu.

"Usiongee kwa sauti," alinong'ona. "Ndani ya kabati kuna kitu kinakula."

Sefu akatega sikio, akasikia kweli, kutafuna, kisha kukoroma, kisha kutafuna tena, na kwa kuwa hakutaka mkewe amwone mwoga akafungua kabati, akahakikisha bunduki haina risasi, akaing'oa sehemu ya nyuma, akauelekeza mtutu mtupu dirishani ili achungulie, na badala ya mwanga wa mchana akaona giza lenye unyevu, na lile giza likapepesa, na kabla hajauondoa uso wake ukatoka ulimi mwembamba, wa moto, wenye chembe za nyama, ukamlamba jicho taratibu kutoka pembe moja hadi nyingine.

Hafsa aliuona. Akatapika pale pale, akafunga nguo zake kwenye leso.

"Nakwenda kwa mzee wangu Msambweni. Ukishakitoa hicho, njoo unichukue. Usipokitoa, Sefu, usije."

Sefu akamwendea Maalim Abdurahman, msomaji anayejulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Hebu simama mbali kidogo, mwanangu." Maalim alifuatana naye mpaka nyumbani, akaunusa mtutu, akageuza uso. "Astaghfirullah! Hili ni jini la uchafu. Marehemu alilifuga humo kwa damu ya nguruwe, limwongozee risasi. Wewe ulidhani ni shabaha ya chuma? Mara sita utaosha kwa maji, ya saba kwa maji yenye udongo. Mimi nitasoma, ila mkono uwe wako, maana ndiwe uliyelichagua. Na nisikilize vizuri: maji yatalitoa humo ndani, lakini udongo ndio unaolifukuza kabisa."

Walioshea nyuma ya nyumba, kando ya pipa. Maalim alifumba macho akasoma. Maji ya kwanza yalitoka na nywele, ya pili na mafuta yaliyoganda, ya tatu na mabuu, na mpaka ya sita yakawa safi, mtu angeweza kuyanywa. Sefu akachota udongo. Akaufikiria msasa ule ukipita kwenye mifereji, meneja akimnyang'anya bunduki, mzee wa Hafsa mlangoni. Kwa Hafsa, akajiambia, kwa Hafsa. Akaupaka udongo mtutu kwa nje, akamimina maji matupu ndani.

Maalim akafumbua macho, akaona tope chini. "Alhamdulillah," akasema.

Siku ya pili yake Sefu alijaribu bunduki. Ilipiga pale pale alipolenga. Aliunusa mtutu, haukunuka chochote. Akaenda Msambweni mbio mbio, na jioni Hafsa alikuwa jikoni kwake akikaanga samaki aina ya changu. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akavuta pumzi.

"Linanuka sabuni!" akacheka, machozi yanamtoka. "Njoo ule, mume wangu."

Wakakaa mkekani. Sefu akafungua kinywa aseme Bismillahi. Haikutoka. Ulimi wake ulikuwa mzito, wa moto, na ulijipitisha wenyewe kwenye meno, jino moja moja. Kooni mwake kitu kikakoroma.

Hafsa akainua uso. Polepole akavuta pembe ya leso, akaziba pua.

"Sefu," alinong'ona, "tema. Nakuomba, tema."

Alitaka kutema, wallahi alitaka. Lakini mkono ulikuwa umeshafika sahanini, unasukuma samaki na miba yake, kichwa na macho yake, na chakula kilikuwa kitamu ajabu. Hafsa akachukua buibui lake. Sefu akasikia mlango ukifungwa, akataka kumwita, lakini kinywa kilikuwa kimejaa.