Machozi ya Mama Lusungu

Jikoni kwa Sekela, kule Ikuti, moto haukuzimika. Asubuhi chai, mchana ndizi, jioni ndizi tena. Mvua ya Rungwe haijui likizo, kwa hiyo kuni zilikuwa mbichi karibu mwaka mzima. Dirisha la jiko lilikuwa dogo, tena lilizibwa kwa gunia ili baridi isiingie. Kweli, baridi haikuingia. Moshi nao haukutoka.

Macho ya Sekela yakawa mekundu. Yalikereketa kana kwamba yana mchanga. Machozi yalimtoka hata akicheka, na mama huyo alipenda kucheka.

Jumamosi moja wageni walikuja kutoka Masoko kumposa binti yake, Lusungu. Sekela alifurahi kupita kiasi. Alipika mwenyewe tangu alfajiri. Alipotoka jikoni kuwanawisha wageni mikono, machozi yalimdondoka mpaka kwenye beseni.

Mshenga wao, mzee Methusela, alimtazama. Kisha akawatazama wenzake. Walikula kidogo, wakaaga mapema. Kesho yake alimpigia simu Ambindwile, mume wa Sekela.

"Baba Lusungu, tumeona mama analia. Sisi hatuchukui binti kwenye nyumba yenye majonzi. Tunasimama kwanza."

Lusungu alijifungia chumbani. Sekela aliumia sana moyoni. Alimwombea binti yake mume mwema kwa miaka mingi, na sasa macho yake mwenyewe yamemfukuza!

Jirani yao Agness alikuwa muuguzi wa macho, aliyehamia huko kikazi kutoka Singida. Aliposikia habari hiyo, alikuja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja kukuchukua. Kesho twende wote kliniki."

Huko kliniki Agness alimtia Sekela rangi ya manjano jichoni, daktari akamulika kwa taa. Waliona mikwaruzo midogo midogo.

"Mama, macho yako ni makavu," alisema Agness.

Sekela aliangua kicheko. "Makavu? Macho haya yanayolowesha khanga nzima?"

"Ndiyo hayo hayo. Machozi mazuri yana maji, ute na mafuta. Ute unayashikiza jichoni. Mafuta yanazuia yasikauke. Moshi umeharibu mpango huo. Jicho likiwashwa linatoa maji mengi, lakini hayakai. Ni kama mvua kwenye jani la mgomba, inateleza yote."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Migomba anaijua.

Agness alimwonyesha kichupa kidogo. "Haya ni matone ya kulainisha macho. Ndani yake kuna kitu chenye utelezi, kinachotengenezwa kutokana na mimea. Kinatanda juu ya jicho, na kope zinapita bila kukwaruza. Kuna glisirini kidogo, inayoshika maji yasikauke upesi. Kuna na chumvi kidogo, kama ya machozi yenyewe. Jicho likikaa na unyevu na likikingwa, mikwaruzo inapata nafasi ya kupona."

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema Sekela. Asante sana.

Jioni Agness alipita kuona wanavyotumia dawa. Alimkuta Ambindwile ameshika chupa kubwa ya glisirini, ile ya kupaka ngozi wakati wa baridi. Sekela ameinua uso, macho kayakodoa.

"Baba, hapana!" alipiga kelele Agness.

"Si umemwambia mama Lusungu ni glisirini?" aliuliza Ambindwile. "Sisi tunayo chupa nzima!"

"Hiyo ni ya ngozi, baba. Ni nzito, haikupimwa kwa ajili ya jicho, wala haikutengenezwa ili isiwe na vijidudu. Ingemuunguza mama!"

Ambindwile aliificha chupa nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Sekela alicheka mpaka akakaa chini.

Agness akawafundisha. "Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kidogo ngozi ya chini ya jicho. Dondosha tone moja, ufumbe taratibu. Ncha ya kichupa isiguse jicho. Usimwazime mtu, na muda wake ukiisha, tupa. Ukisikia maumivu makali au ukiona ukungu, rudi kliniki haraka. Halafu, baba, moshi je? Matone hayawezi kushindana na jiko hili."

Ambindwile hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitoa gunia, akapanua dirisha, akajenga bomba la kutolea moshi. Kuni akazipanga chini ya paa zikauke.

Wiki zikapita. Macho ya Sekela yakatulia. Ndipo Ambindwile alipompigia simu mshenga, akamweleza yote. Mzee Methusela alikubali kurudi, ila kwa mashaka.

Siku walipokuja, Sekela aliwanawisha mikono wageni wote. Hakuna hata tone lililodondoka. Methusela alimchungulia usoni, akatabasamu, akasimama.

"Tumekuja kumwomba Lusungu awe binti yetu."

Sekela alimtazama mwanawe, na machozi yakambubujika. Methusela alishtuka, akageukia wenzake.

"Kaa, baba!" alisema Sekela huku akicheka. "Siku ile nililizwa na moshi. Leo nalia mwenyewe, kwa furaha!"

Nyumba nzima ilicheka. Mzee Methusela naye alijifuta macho kwa leso. "Mama Lusungu, hayo matone yako yamebaki? Nami niazime."

"Siazimi!" alijibu Sekela. "Mzee, nenda kliniki ukapimwe!"

Siku hiyo hiyo Lusungu alichumbiwa.