Swali la Tisa

Siku hiyo foleni ya fotokopi ilikuwa imefika hadi barabarani, na mashine ikaona huo ndio wakati mzuri wa kutafuna karatasi. Mfasiri, ndani ya gauni lake jipya la njano, alikuwa mbele kabisa akisonya. Nyuma yake jamaa wa ovaroli la buluu akapenyeza kichwa.

"Dada, naomba nipite. Mimi fundi friji, lakini mashine zote ni ndugu."

"Na ukiiharibu?"

"Nitakuoa, iwe fidia."

Watu wakaangua kicheko. Karatasi ikatoka, wino ukaruka, ukatua kwenye gauni la njano, na mambo yakaanzia hapo. Miezi minane simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Friji zako zinapoa?"

"Zinapoa zote, isipokuwa mimi."

Upuuzi mtupu! Lakini mfasiri alikuwa akicheka peke yake ofisini mpaka bosi wake anamtupia jicho.

Kisha Fundi akapata kazi ya maghala ya baridi nje ya nchi, miaka mitatu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, hivyo akaja kukaa mbele ya meza ya mpenzi wake kama mteja yeyote. Ofisi ile ilikuwa na sheria moja: mfasiri anaandika alichosema mteja, hamtilii maneno mdomoni.

Swali la tisa: utakuja na mwenzi? Fundi akakuna kichwa, akatazama dirishani.

"Andika... natumaini nitakuwa na mke wa kuja naye."

Natumaini! Moyo wa mfasiri ukamshuka. Kiingereza kina *hope* na kina *expect*, na yeye alikuwa anakula kwa kujua tofauti yake. Wa *hope* anaomba tu mgeni aje. Wa *expect* ameshamtandikia kitanda. Miezi minane, na huyu mwanamume bado anaomba? Angeweza kumwuliza, "Ndivyo unavyomaanisha?" Bosi alikuwa ametoka, hakuna ambaye angesikia. Lakini kiburi nacho kibaya, jamani. Akaandika *hope*, akapiga muhuri, pa! Nakala akaitia kwenye faili.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita: nafasi ya mtu mmoja. Nyumba za familia walitengewa walioandika *expect*. Walioandika *hope* hawakuhesabiwa, na fomu zilikuwa zimeshafungwa.

"Wewe ndiye unayeyajua haya maneno!" Fundi alifoka, barua mkononi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mwenyewe."

"Nilikuwa sijakuuliza! Ningesemaje nina uhakika na mtu ambaye sijamwuliza? Pete ilikuwa mfukoni, naogopa tu."

"Siku ile?"

"Siku ile ile."

Mfasiri akajikuta amekaa. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

"Basi usiende."

"Nimeshasaini, mpenzi. Na mama yangu mgonjwa, dawa zake nitazilipia nini?"

Pete haikutoka mfukoni.

Adhuhuri ya safari Fundi alipiga simu kutoka uwanja wa ndege. Kelele za watu zilikuwa zinammeza.

"Utanisubiri?"

"Miaka mitatu ni mingi, Fundi."

"Nijibu tu. Niende na *hope* au niende na *expect*?"

Mfasiri alimwonea huruma, akajihurumia na yeye. "*Hope*, mpenzi wangu," alisema, na hata hiyo alimpa kama mtu anayempoza mgonjwa. Halafu wakaitwa abiria, simu ikakatika.

Mfasiri akaenda kabatini, akalitoa faili. Kwenye swali la tisa akafuta *hope*, akaandika *expect* kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akapiga muhuri. Sasa karatasi ilikuwa sahihi. Hakuna ofisi yoyote duniani ambayo ingeisoma.