Harufu Chumbani kwa Cheruiyot

Asubuhi moja Makhanu alikuwa akirekebisha ua wake pale Chekalini. Akasikia harufu kama ya kitunguu saumu. Ilitoka katika chumba cha kulala cha jirani yake, Cheruiyot. Dirisha la chumba hicho lilizibwa kwa nailoni.

Makhanu alielewa mara moja. Mwaka jana wezi walivunja ghala la Cheruiyot. Mwaka huu hakuna aliyeona alikoyaweka mahindi yake. Na jana Chelimo, mke wa Cheruiyot, alilalamika kuwa kichwa kinamuuma na binti yao Jepkosgei anatapika.

"Amelaza mahindi chumbani na kuyatia vidonge vya kuua wadudu," Makhanu alimwambia mkewe, Naliaka.

"Chumba cha mtu, Baba Willis! Utaulizwa ulichungulia nini."

"Sikuchungulia. Pua ndiyo imeingia."

Alimpigia simu Risper, mhudumu wa afya wa kijiji. Hakutaja jina la mtu.

"Vidonge hivyo hutoa gesi ya sumu," Risper alisema. "Huua watu waliolala. Nenda sasa hivi kwa mwenye nyumba, wewe peke yako. Mwambie ulichonusa. Alicho nacho ni siri yake. Lakini akikataa kutoa watu, nipigie nije na afisa wa kilimo. Hapo hatungoji ruhusa."

Makhanu alibisha hodi. Cheruiyot alisimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake.

"Umekuja kuangalia magunia yangu?"

"Yako mangapi, si kazi yangu. Nimenusa dawa. Jepkosgei analala wapi?"

Ndani, mtoto alitapika tena.

"Juu ya magunia," Cheruiyot alisema polepole.

"Kumbe mtoto ndiye askari wako! Mtoe!"

Cheruiyot alimbeba binti yake mbio. Chelimo akafuata. Waliacha mlango wazi, wala hawakurudi ndani. Makhanu alimpigia Risper tena, naye akafika na pikipiki mbili, akawapeleka hospitali wote watatu. Baadaye afisa wa kilimo alivaa kinyago cha kuzuia gesi, akayatoa magunia.

"Kausha mahindi vizuri," alimwambia Cheruiyot. "Yatie katika mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu watakufa bila dawa. Na mahindi yasilale na watu."

Siku ya tatu Jepkosgei alirudi nyumbani akidai chai na mandazi. Cheruiyot na Makhanu walijenga ghala jipya, wakatia mlango wa chuma.

Pale sokoni watu walimzunguka Makhanu.

"Afisa alifuata nini kwa Cheruiyot? Jamaa ana magunia mangapi?"

"Mimi nilinusa tu," Makhanu alijibu. "Sikuhesabu."